Nyuma ya Mabatini: tuliomba barabara, wakatuletea shimo, na sasa usiku watu wanakaa nje

Mwana wa Miamba
Wakuu, mwadila.

Nimepanga huku tangu 2009. Wanaoijua Mwanza wanazijua hizi nyumba zilizopanda mlima nyuma ya Mabatini: mlango wako unatazama bati la jirani, na katikati yenu kuna jiwe kubwa kuliko nyumba zote mbili, limekaa kama ndilo lenye hati. Chini unapita mto Mirongo ukielekea mjini hadi ziwani. Kutoka kwangu mpaka Makoroboi, katikati ya mji, ni nusu saa kwa mguu, tena bila haraka. Tuko karibu na mji kuliko watu wa Buhongwa na Igoma wanaogombania vihiace kila alfajiri, lakini miaka yote hiyo nikitaja ninapoishi, swali linalofuata ni "bado hujahama tu?"

Walikuwa na haki ya kuuliza. Njia yetu ilikuwa korongo lililokubali kupitwa. Kabla ya masika greda lilikuja kule chini kwenye tambarare, linasawazisha moramu, linageuza. Huku juu tulipandisha kifusi wenyewe kwa toroli. Mvua kubwa ya kwanza inakishusha chote Mirongo. Tumeukopesha ule mto moramu kwa awamu na haujawahi kurejesha hata koleo moja. Mvua ikinyesha usiku kulikuwa na jingine tena: kuna watu walikuwa wakiisubiri ili watapishe vyoo, uchafu uondoke na maji. Asubuhi unavuka hapo mtoto wa shule yuko mgongoni, viatu vyake mkononi. Baada ya saa 2 usiku hakuna aliyepita peke yake. Mimi niliporwa simu mara 2 kwenye kona ileile, na mara ya pili nadhani kibaka alinikumbuka, maana hata hakunitisha. Alinyoosha mkono tu.

Basi mradi ukaja. Sitaingia kwenye nani alimwambia nani, mnajua wenyewe uchaguzi ukikaribia barabara moja inapata baba watano. Ninachotaka kusimulia ni mpangilio wa kazi. Hawakuanza na barabara. Walianza kuchimba mtaro, wa mawe na saruji, kutoka juu kabisa kwenye miamba hadi chini. Wiki na wiki tunavuka shimo kwa ubao. Kwenye kikao cha mtaa mzee mmoja akasimama akasema, "Tuliomba barabara, tumeletewa shimo," tukampigia makofi. Na mimi nilipiga. Leo naona aibu kidogo.

Mvua ya kwanza baada ya mtaro kukamilika tulitoka na miavuli kwenda kuangalia, watu wazima, kama tunaangalia mpira. Maji yote yalikuwa mle ndani yananguruma. Njia imelowa lakini ipo palepale ilipokuwa jana. Ndipo wakaanza kupanga mawe. Mwisho zikaja ngazi kwenye vichochoro vyenye mwinuko mkali, na taa 9 za sola.

Kilichofuata hakikuwa kwenye mradi wa mtu. Wiki ya kwanza ya taa, dada mmoja alitoa jiko la mihogo nje ya mlango wake. Baada ya mwezi kulikuwa na majiko 3, na mwingine wa dagaa wa kukaanga. Kinyozi aliyekuwa amefunga akafungua. Fundi cherehani akaitoa mashine barazani. Watoto wanacheza mpaka saa 1 na nusu usiku, kelele tupu, na sina uso wa kulalamika. Jioni moja nilikaa juu ya ngazi nikahesabu, kuanzia saa 12 hadi saa 1: magari 2, bajaji 1, pikipiki 14. Watu niliacha kuwahesabu walipopita 200.

Ndiyo maana nabishana na jamaa zangu wanaosema "barabara imeleta magari, magari yameleta maisha". Magari hayajaja. Ni watu walewale wa miguu, isipokuwa zamani walipita mbio na sasa wanasimama, na mtu akisimama hakosi kununua hata mhogo wa 200.

Nauliza: kwenu walianza na nini? Na swali la pili, ambalo ndilo hasa limenikalisha kuandika. Mwenye nyumba wangu amekuja na kodi mpya. Chumba cha 40,000 sasa ni 65,000, miezi 6 mbele.

Kisiki cha Mwaloni
Uzi tayari. Picha, mkuu. Bila picha hii ni chai, uongo tu.

Mwana wa Miamba
Simu yenye kamera nzuri ilibaki kwenye ile kona. Nivumilie.

Boda wa Mlango Mmoja
Si chai, napandisha abiria huko kila siku. Zamani ukiniambia "nyuma ya Mabatini juu" nakushusha Barabara ya Nyerere, unapanda mwenyewe na gunia lako. Usiku hata kwa 3,000 nilikataa. Sasa napeleka mpaka mlangoni kwa 1,000.

Ila mleta uzi sema ukweli wote. Hayo mawe yakilowa yanateleza kama sabuni, hasa kwenye ile kona kali chini ya kanisa. Nimeanguka hapo na mama na kuku wake. Mama alicheka, kuku wakapotea, nikalipa kuku.

Fundi Tindo
Mleta uzi ameruka sehemu tamu kwa sababu hakushika nyundo. Mimi nilikuwemo.

Mawe hatukuyafuata mbali, ni haya haya ya mlimani. Jiwe kubwa unaliwashia moto juu yake. Kuni ni nzuri zaidi, matairi yana moshi mbaya na majirani walitutukana kwa haki. Likipata moto vya kutosha linaachia ganda, hapo unaingia na mtaimbo, nyundo na tindo. Kina mama wanaoponda kokoto pembezoni mwa barabara hapa Mwanza wanaijua kazi hii kuliko mhandisi yeyote.

Sasa kupanga. Jiwe la barabara halilazwi kama mkate kwenye sinia. Linasimamishwa, bapa juu na ncha chini, kama jino kwenye ufizi. Chini yake udongo ulioshindiliwa, juu ya udongo mchanga. Viungo unavijaza vijiwe na mchanga, unashindilia tena. Pembeni lazima kuwe na kingo za zege, zikikosekana mawe yanaanza kutembea moja moja, mwaka wa pili barabara imefunguka kama mdomo wa kibogoyo. Na katikati inuka kidogo, iwe na mgongo, maji yaangukie mtaroni. Wageni wanadhani tulikosea pimamaji.

Kuna kipande kama cha mita 30 karibu na kinyozi. Hicho tulikipanga wakati mkandarasi hajatulipa wiki 3. Mtakitambua mkipita na ndoo kichwani.

Mama Mihogo
Kumbe ndiyo maana! Hapo namwaga maji kila siku nikajua ni mguu wangu.

Mhandisi Mstaafu
Fundi Tindo, heshima yako. Umefundisha kwa dakika 2 kitu ambacho sisi tuliandikia ripoti.

Kuhusu swali la kwanza la mleta uzi: mtaro kutangulia si bahati. Kwenye mlima, adui wa barabara ni maji yanayokimbia, gari linafuata kwa mbali. Maji yakipata mteremko yanaongeza kasi, yakiongeza kasi yanabeba mchanga, kisha changarawe, mwisho yanabeba barabara yenyewe. Ndiyo maana mtaro wa mlimani unajengwa kwa vingazi ndani yake, ili maji yaanguke kidogo kidogo yachoke kabla ya kufika chini. Ukiona mtaro umenyooka kama bomba kwenye mteremko mkali, jua aliyeuchora alikuwa ofisini.

Hili si jipya nchini. Hanna Nassif, Kinondoni, kuanzia 1994, wananchi wenyewe walijenga mitaro na njia kwenye mtaa uliokuwa ukifurika kutoka Msimbazi, na Shirika la Kazi Duniani likawemo. Vibarua walitoka mtaani humohumo. Baadaye Benki ya Dunia ikaja na mradi wa miji mikakati, Mwanza tukiwa mmoja wa miji 7 ya mwanzo pamoja na Arusha, Dodoma, Kigoma, Mbeya, Mtwara na Tanga. Dar wakapata mradi wao wa kuendeleza jiji, DMDP, uliofika hadi Tandale. Miradi mikubwa inapenda barabara pana kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye picha. Vichochoro vya mlimani vinahitaji mtu mwenye subira.

Na kwa wanaochanganya: TANROADS wana barabara kuu na za mikoa. Hizi za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Usiende kumlilia asiyehusika.

Rais wa Lami
Samahani wazee, mimi niko Ilemela. Jiji ukijumlisha na Ilemela lina watu zaidi ya milioni 1.1 kwa sensa ya 2022, treni ya SGR inakuja, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, halafu nyie mnashangilia kupangiwa mawe? Kupanga mawe ni mambo ya enzi za Wajerumani. Tudai lami.

Fundi Tindo
Dai lami, kaka, hakuna anayekukataza. Walipokuja kupitisha bomba kwetu waling'oa mawe asubuhi, wakafukia, jioni mawe yamerudi. Lami ikikatwa kwa ajili ya bomba unajua mwenyewe kile kiraka kinavyokaa mpaka mjukuu anazaliwa.

Mhandisi Mstaafu
Nyongeza ndogo. Kwenye njia ya upana wa hatua 5, mteremko mkali na nyumba pande zote, mtambo wa lami hauwezi hata kugeuka. Lami ina mahali pake, Barabara ya Nyerere usiipange mawe.

Mpangaji Sugu
Mimi nataka tubaki kwenye swali la pili, naona wengi mnalizunguka kama bodaboda anayezunguka trafiki.

Nani amelipia huu uzuri? Mradi umelipwa na serikali, yaani kodi zetu na mikopo tutakayolipa wote. Nani anavuna? Mwenye nyumba, ambaye hajapaka hata chokaa. Choo ni kilekile, bati lile lile linalovuja, ila kodi imepanda kwa sababu nje kuna taa. Taa ya serikali! Na usije ukanitajia sheria, ile ya 1984 iliyokuwa inadhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005. Sasa ni wewe na mwenye nyumba na Mungu.

Halafu kuna LUKU, huu umeme wa kulipia kabla. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme, 1,000 kwa mwezi, na 2023 ikawa 1,500. Anayenunua umeme ni nani? Mimi. Nyumba ni ya nani? Yake. Namlipia kodi ya jengo, kisha ananiongezea kodi ya chumba.

Mwenye Nyumba Mmoja
Si mwenye nyumba wa mleta uzi, ila ni wa mtaa huo, na nimesoma kimya mpaka hapa.

Mnasema sikupaka chokaa. Kwenye kikao cha kwanza cha mtaa, kabla ya shimo, tuliombwa kila mmoja aachie hatua 2 mbele ya nyumba ili mtaro upite. Bila fidia. Wapangaji walipiga makofi, rahisi kupiga makofi kwa hatua za mwenzako. Mimi nilivunja jiko la nje na bafu. Bafu nimelijenga upya kwa pesa yangu, ndilo wapangaji wangu wanaogea. Walipokuwa wanapasua mawe ukuta wa nyuma ulipata ufa, nimeuziba mwenyewe. Na miaka yote ya korongo vyumba vyangu 2 vilikaa wazi, mtu anakuja kuangalia, anafika kwenye ile kona, anarudi.

Nimepandisha, ndiyo. Kutoka 35,000 hadi 50,000. Sijafika 65,000, huyo amezidisha.

Mpangaji Sugu
Hilo la hatua 2 sikulijua. Nakubali lina uzito.

Ila mzee, ulizitoa mara moja. Mimi nitalipa hiyo 15,000 kila mwezi mpaka lini?

Mwenye Nyumba Mmoja
Mpaka ujenge kwako, mwanangu. Nilipita huko huko.

Kisiki cha Mwaloni
Nimevuta kiti. Endeleeni.

Mama Mihogo
Mimi ndiye dada wa jiko la kwanza, ingawa mleta uzi kaniita dada na nina wajukuu. Namshukuru. Wabeja sana.

Kabla ya hapo nilikuwa mjini, napanga biashara barabarani kama wengine. 2021 tulipoondolewa, nikapelekwa eneo ambalo mteja hafiki mpaka apotee njia. Miezi 4 nakula mtaji. Nikarudi nyumbani kukaa. Taa zilipowaka nikamwambia binti yangu, lete jiko nje tuone. Siku ya kwanza niliuza mihogo ya 3,200. Sasa siku nzuri nafika 25,000, na sitoi nauli wala ushuru wa meza.

Sasa malalamiko yangu. Kwanza, bodaboda wameanza kuegesha palepale kwenye mwanga, wateja hawana pa kusimama. Boda wa Mlango Mmoja, ujumbe umefika. Pili, mtaro. Kila mtu anausifia humu lakini nendeni mkauchungulie: chupa, nepi za watoto, majani ya migomba, hata godoro nimeona. Mvua kubwa ikija na lile godoro likaziba chini, maji yatarudi juu yatuoshe wote, wapangaji na wenye nyumba. Na vyoo bado kuna wanaotapisha, sasa wanaona mtaro ndiyo rahisi zaidi. Nawajua. Sitaji.

Boda wa Mlango Mmoja
Umefika, mama. Tutasogea kule kwenye ukuta wa kinyozi. Ila kuku nilishalipa.

Mtu wa Igogo
Nawasoma kwa wivu. Sisi tuko upande wa pili wa mji, ziwa tunaliona, harufu ya viwanda vya samaki tunaipata bure, na ngazi zetu tulijijengea kwa michango ya 2,000 kila nyumba, zikaishia katikati ya mlima pesa ilipoishia. Ila vilima vyetu baadhi vina zile bomba ndogo za majitaka za MWAUWASA, mamlaka yetu ya maji, zinazopita kati ya mawe. Choo kinamwaga kwenye bomba, hakuna cha kusubiri mvua. Kama mnaweza kuombea kitu kimoja, ombeni hicho.

Mhandisi Mstaafu
Mtu wa Igogo amegusa penyewe. Mtaro wa mvua na bomba la majitaka ni vitu viwili. Ukivichanganya umejenga choo cha wazi chenye urefu wa mtaa mzima, na kinaishia Mirongo, Mirongo inaishia ziwani, na ziwani ndiko tunakovuta maji ya kunywa.

Dada wa Magongo
Naomba niharibu sherehe kidogo. Natembelea kiti cha magurudumu. Dada yangu anaishi mtaa huo, nilikwenda kumsalimia Pasaka. Kwenye mawe nasukumwa kama gunia la dagaa, meno yanagongana. Nikafika kwenye ngazi, mwisho wa safari. Zamani kwenye korongo vijana walinibeba. Sasa wananiambia "si kuna ngazi!"

Mnasema mtaa umefufuliwa na miguu. Sawa. Yetu mliihesabu?

Mwana wa Miamba
Dada, sikuhesabu. Na kwenye kikao hakuna aliyelisema, mimi nikiwemo. Fundi, hapo pembeni mwa ngazi za kati hakuwezi kuwekwa mteremko wa zege?

Fundi Tindo
Za kati hapana, utakuwa wima kama ukuta. Ila ngazi za chini, zile 11, mteremko wa kuzunguka jiwe unawezekana. Mifuko ya saruji kama 8, mchanga upo, mawe yapo. Kazi yangu siku 2 sitadai.

Dada wa Magongo
Nimeandika mahali. Nitakuja kukudai.

Mjukuu wa Mabatini
Niko Dodoma, nimezaliwa huko mnakozungumzia. Ukipita ile kona ya vibaka kulikuwa na jiwe refu lenye mgongo laini, tulikuwa tunateleza nalo mpaka kaptula zinatoboka matakoni, mama ananichapa kwa kaptula wala si kwa kuteleza. Bado lipo?

Fundi Tindo
Lilikuwa katikati ya njia ya mtaro. Tulilichoma moto siku 3. Ule mgongo laini tulishindwa kuuvunja vipande vidogo, tukauweka mzima pale mbele ya jiko la Mama Mihogo.

Mama Mihogo
Ndipo wateja wanapokaa.

Mjukuu wa Mabatini
Aisee.

Mwana wa Miamba
Wakuu, kabla uzi haujazama: Jumamosi hii ni ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Saa 1 asubuhi tunaanzia juu kushuka na mtaro, godoro kwanza. Mwenye Nyumba Mmoja, umo?

Mwenye Nyumba Mmoja
Koleo ninalo. Mpangaji Sugu aje na toroli.

Mpangaji Sugu
Toroli ni la mwenye nyumba wangu. Nitamwambia ni sehemu ya kodi.